Katoni ya Furaha

Tangu binti yangu Furaha aolewe Luvungi, nyumba yetu ya Rugenge imekuwa kimya. Nilimwahidi vitambaa vya meza vya kufuma mwenyewe, lakini sindano ikanishinda, nikavinunua sokoni hapa Uvira. Ili vionekane vyangu, nilichukua katoni tupu ya sabuni, nikaibandika vipande vya kitenge nilichombebea mgongoni alipokuwa mtoto, nikavitia ndani, nikampa mtu wa pikipiki ampelekee.

Jioni, simu yangu ikaita; ilikuwa namba ya Furaha. Hata sikungoja salamu. "Minye mwenyewe nimefuma, mwanangu! Vidole bado vinaniuma!"

Aliyejibu ni mkwe wangu, mama wa bwana yake.

"Mama Furaha, hivi vitambaa nilifuma minye, nikauzisha huko Uvira. Lakini katoni, mtoto wako ameikumbatia, analia."