Nilichagua wimbo "usio na mwenyewe" nisishtakiwe, mwenyewe akaja shuleni

Wakuu, hamjambo humu? Leo naweka yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na nikiongeza chumvi Mungu ananiona. Ni mambo ya muhula huu huu, moyo bado haujakaa sawa.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Voi, nafundisha shule ya wasichana huku upande wa Masalani. Somo langu ni Kiswahili, ila nilipofika tu nikabebeshwa kwaya pia.

Ni mwoga, siwafichi. Mke wangu huniita Bwana Itakuwaje.

Sasa huyo Bwana Itakuwaje akapelekwa semina Garissa mjini, mambo ya copyright shuleni. Mkufunzi akatutisha vibaya. Kumbe kufundisha wimbo darasani ni jambo moja, kuuimba mbele ya wageni ni jingine, na kuutia mtandaoni ni jingine tena lenye ruhusa yake. Akasema shule inaweza kushtakiwa. Hapo penye kushtakiwa ndipo masikio yangu yalipofunguka, mengine niliyasikia nusu nusu.

Nikarudi nikawa kero. Siku ya wazazi nilizima spika watu wakiwa wamenogewa. Naibu wa mkuu wa shule akaniuliza, "Mwalimu, hata kupiga mluzi tuombe leseni?"

Nikanuna tu.

Mashindano ya muziki yakafika. Wasichana wakataka wimbo unaovuma Nairobi. Nikasema msinitajie kabisa! Tutaimba wa kijadi. Wa kijadi hauna mwenyewe, nani atanipeleka kortini?

Hodan wa Form Three, ambaye ndiye sauti ya kwaya yetu, akaleta wimbo wa Kisomali. Wanawake wa kwao Kotile huuimba arusini, mama anamuaga binti anayeolewa mbali. Jamani, mzuri! Kisomali changu ni cha kununulia maziwa tu, lakini nilisisimka.

Shida ikawa muda. Mashindano yana dakika zake na wimbo ni mrefu. Nikaona mwanzo una maneno mengi, yanaimbwa taratibu bila makofi. Nikasema tuanzie penye makofi.

Hodan akasema, "Mwalimu, hiyo ya kwanza haikatwi."

"Hodan, muda!"

Akanyamaza. Nyinyi walimu wenzangu, mwanafunzi akinyamaza hivyo muulizeni kulikoni. Mimi sikuuliza.

Tukashinda. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba ni wimbo wa kijadi, umetayarishwa na mwalimu fulani, yaani mimi. Kifua kikajaa. Nikatuma video kwenye group ya wazazi, nikijidanganya kwamba group si mtandao. Kufikia jioni ilikuwa imezunguka eneo letu lote la Ijara na kwingine nisikokujua.

Siku chache kabla ya kwenda Garissa kwa mashindano ya kanda, nikaitwa ofisini kwa naibu. Nikakuta mama mmoja amekaa, chai aliyopewa hajaigusa. Hodan amesimama kando yake, anaangalia chini.

Naibu akaniambia huyu ni Shukri, muuza mbuzi wa Kotile, wote kwao humwita Eedo, yaani shangazi. Ndiye aliyetunga ule wimbo.

Wakuu! Niliona korti, niliona barua ya kufukuzwa, nilijiona niko Voi na mabegi yangu.

Nikaanza kuomba radhi, nikasema nilidhani ni wimbo wa kijadi.

"Kijadi nini, Maalim? Kwani mimi nimekufa?"

Naibu alitaka kucheka, akajikohoza.

Ndipo nikaelezwa. Yale maneno niliyokata yalikuwa majina. Kwao ukiimba utungo wa mtu, kwanza unamtaja aliyeutunga na aliyetungiwa. Eedo aliutunga siku ya kumwoza binti yake, Nasra, aliyeolewa Rhamu, kule Mandera. Akampa uwe wake.

Na video ilikuwa imeshafika Rhamu. Nasra amesikia wimbo wake unaimbwa bila jina lake, akaamini mamake amemfuta na wimbo kawapa watu wengine. Tangu hapo hapokei simu za mamake.

Eedo hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mtoto yangu iko mbali sana, Maalim. Hiyo wimbo ndio kitu ya nyumbani alikuwa nayo."

Niliona aibu, wakuu, aibu ya kutamani ardhi inimeze. Nikamwomba aturuhusu tuimbe upya, na majina yote. Akakataa.

"Mimi nilishapeana. Si yangu tena. Uliza Nasra. Akisema hapana, imekwisha."

Kwaya nzima ilikuwa imejazana nje ya dirisha, inasikiliza.

Nikapiga namba ya Nasra kwa simu yangu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Akapokea. Nikasema haraka haraka asije akakata: mimi ni mwalimu, ni mimi niliyetoa jina lako, mama hakujua lolote, na sasa hivi yuko hapa amekuja kunigombeza kwa ajili yako.

Nikangoja akate. Nikajua tumekwisha.

"Mpe simu," akasema.

Eedo akatoka nayo hadi kwenye ua, akatupa mgongo. Waliongea sana. Nilimwona akijipangusa uso kwa ncha ya shela. Aliporudi alisema Nasra ameruhusu waimbe, wataje majina, wasikate hata neno.

Nikauliza, na kurekodi je?

"Hapana. Ikiisha, iishe pale pale."

Garissa, Hodan akaanza na majina, taratibu, bila makofi. Kengele ya muda ikalia wimbo haujafika mwisho. Nilijua alama zimekwenda. Hakuna msichana aliyenyamaza, na mimi mwoga sikuwapa ishara waache. Hatukufika ngazi ya taifa. Wengine walilia njia nzima, Hodan hakulia.

Somo nililopata ni kwamba kila wimbo una aliyeutunga, hata ule unaoimbwa na kila mtu. Ulizeni mapema. Na aliyekuruhusu kuimba hajakuruhusu kurekodi.

Wanasheria wa humu, nisaidieni. Ruhusa ilitolewa kwa mdomo, mashahidi ni mimi, naibu na wanafunzi. Inashika? Mkuu wa shule anataka karatasi, na mimi usingizi sipati.

Video ya kwanza nimeifuta kwangu, lakini bado inatembea. Ikikufikia, tafadhali usiitume kwingine. Na ukiulizwa ni wimbo wa nani, sema ni wa Nasra wa Rhamu, alitungiwa na mamake, Shukri wa Kotile.