Mashua Iliyokuwa Tayari

Aliponiomba niwe mtu wa kusema mashua iko tayari, nilipaswa kukataa. Tulikuwa tumekaa juu ya gurudumu kuukuu la trekta, ndani ya uwanja wa mradi wa samaki uliokufa, pale Garissa ambapo mashamba ya ndizi yanateremka hadi Mto Tana. Rafiki yangu alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo. Daktari alimwambia kwamba presha ya macho imeshaliharibu jicho la kushoto na la kulia litafuata. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Alinieleza hayo kama mtu anayeeleza bei ya sukari imepanda, kisha akanigeukia.

"Nyufa za mashua hii mimi siwezi kuziona vizuri tena," akasema. "Utaziangalia wewe. Siku utakayoniambia iko tayari ndiyo siku tutakayoondoka."

Nikasema sawa. Nilijiona mtu mkubwa kupewa kazi hiyo.

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja karibu maisha yetu yote, katika kikosi cha kuchimba visima. Yeye alikuwa fundi wa mtambo, mimi dereva wa lori la mabomba. Tulilala chini ya lori moja Buna, tukalala Takaba, tukalala mahali pengi ambapo hapakuwa na kitu mpaka sisi tulipopata maji. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Wajir, na Kiswahili nilikikuta shuleni. Yeye ni mtu wa Tana ya chini, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Hata leo neno pamba kinywani mwangu hutoka bamba, naye hakuchoka kunicheka kwa hilo. Aliniita mtu wa ngamia. Tulipovuka daraja kwa miguu nilitembea katikati, mbali na ukingo, naye akisema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba huyu anaogopa hata maji ya birika.

Tulipostaafu tulibaki Garissa wote wawili. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Watoto wangu wako Nairobi. Wakija wananiuliza kama nimekula, nikisema ndiyo wanarudi kwenye simu zao. Yeye alipanga chumba nyuma ya msikiti tunamosali, na kila siku baada ya alasiri tulikuwa pamoja, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia na kubishana juu ya visima vilivyokauka zamani.

Kwao alibakiwa na dada mmoja, mdogo wake, naye sasa ni bibi kizee. Hakuwa amemtembelea tangu tukiwa kazini. Kila mwaka alisema mwakani. Kisha mafuriko yakachukua mtumbwi wa yule dada, na shamba lake la mpunga liko ng'ambo ya mto, akawa anakaa ukingoni kungoja mtu mwenye huruma amvushe. Rafiki yangu aliposikia hayo, akaikumbuka ile mashua ya uwanja wa mradi.

Mradi ulikuwa umeileta kwa lori kutoka pwani, mashua nzuri ya mbao yenye mlingoti wake, ili vijana wafundishwe uvuvi. Sidhani walivua nayo samaki wa kujaza sufuria. Wenye mradi walipoondoka, mlinzi alituambia wamesema anayeitaka aichukue. Tuliikuta imelala ubavu, mathenge, ule mti wa miiba, umeota kupitia sakafu yake na mbuzi wamezalia ndani. Jua la Garissa lilikuwa limezikausha mbao mpaka ukisimama upande huu unaona mto upande wa pili.

Mpango wake ulikuwa hivi. Tungeshuka na mkondo wakati maji yamejaa, yeye akinielekeza na mimi nikishika kasia. Karibu na bahari, mto unapopanuka na upepo kuingia, tungetweka tanga. Mashua ingekuwa zawadi ya dada yake, na rafiki yangu angefika mlangoni pake bila kuinamisha uso kwa kukosa kwenda miaka yote hiyo. Mimi ningerudi kwa basi. Yeye hakuwa na nia ya kurudi, na hakunificha.

"Nataka kumwona dada yangu," alisema. "Kumsikia namsikia, simu ninayo. Nataka kumwona."

Tukaanza kazi. Tuling'oa mathenge, tukabadilisha mbao tatu zilizooza, tukaziba maungio kwa pamba aliyonifundisha kuisokota na kuipigilia kwa patasi butu. Kwao wanapaka mafuta ya papa, na sisi hatukuwa nayo, tukatumia mafuta ya mkia wa kondoo tuliyoyakanda na chokaa. Paka wa mtaa mzima walikuja kuiramba mashua, tukawa tunawafukuza kwa viatu. Alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Nilileta maturubai yaliyochakaa kutoka soko la Hagadera, naye akaketi kivulini akishona tanga kwa sindano ya magunia, maana mwanga wa jua ulimuumiza na kushona angeweza kwa kupapasa. Kazi ya nje ikawa yangu.

Kwa sababu jua lingezifungua mbao tena, aliniagiza niifunike mashua kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni. Nilifanya hivyo bila kukosa. Nilibeba maji kwa jerikeni kutoka mtoni, mimi ninayeuogopa mto. Mbao zikanywa, zikavimba, zikakumbatiana.

Ungio lililobana vizuri halipitishi ukucha, kwa hiyo kila siku kabla ya kurudi nyumbani aliniuliza kutoka pale kivulini, "Ukucha unaingia?"

Mwanzoni uliingia, nami nilisema kweli. Kisha siku moja, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha na mto umejaa hadi kwenye migomba, nilipitisha ukucha wangu kutoka mbele hadi nyuma na haukuingia mahali popote. Nikazunguka upande wa pili. Haukuingia. Nilisimama pale mkono juu ya mbao, nikamtazama akiwa ameinamia tanga lake, miwani imeshuka puani, akiimba kitu kwa lugha yao. Nikafikiria kesho yake alasiri, na keshokutwa.

"Ukucha unaingia?"

"Unaingia," nikasema.

"Basi bado."

"Bado kidogo."

Sikupanga kusema hivyo zaidi ya siku ile. Lakini kesho yake ilikuwa rahisi zaidi, na wiki iliyofuata sikuhitaji hata kuigusa mashua. Nilipigilia pamba juu ya pamba ili asikie nyundo. Nilijiambia kwamba namlinda, kwamba wazee wawili hawana la kutafuta kwa mamba na viboko. Woga wa maji nilikuwa nao, sikatai. Ila haukuwa woga ulionizuia. Nilijua atakapopanda mashua ile nitarudi nyumbani kwangu kukaa na redio.

Maji yakapungua, mchanga ukatokea katikati ya mto, na safari ikangoja mvua za vuli.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linalonikera kuliko yote. Katika kiangazi hicho alinijia na kusema kwamba jicho la kulia limeanza kumwonyesha vitu kama kupitia pazia. Alikuwa amefikiri usiku kucha. Labda apande basi tu, aende mikono mitupu, aibu aimeze, amwone dada yake kabla pazia halijafunga. Nilikuwa namimina chai. Sikuacha kumimina.

"Umengoja muda wote huu, uende kama mwombaji?" nilimwambia. "Mvua zinakuja. Mashua karibu inakwisha."

Akatikisa kichwa kukubali. "Kweli, walaal," akasema. Neno hilo la ndugu alilichukua kwetu, na alilitumia mara chache.

Mvua zikaja. Aliponifuata uwanjani siku ile alitembea akishika uzio kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, na nilipomsalimu aligeuza sikio badala ya uso. Nilimuuliza anaona nini. Akasema anajua kwamba ni mchana. Tanga lilikuwa limekwisha zamani, limekunjwa. Hakukaa kivulini, alisimama kando ya mashua.

"Mto umejaa, nausikia. Ukucha unaingia?"

Ningeweza hata wakati huo kusema kweli. Nilikuwa nimezoea uongo.

"Unaingia," nikasema.

Akaweka fimbo chini. Akapapasa ubao wa kwanza, akatafuta ungio, akaweka ukucha. Akausukuma. Akaenda hatua moja, akausukuma tena. Aliizunguka mashua yote hivyo, akichuchumaa, akiinuka, akishika magoti yake yanayouma, nami nikamfuata kwa macho. Alipomaliza aliweka mikono yote miwili juu ya mbao zilizolowa.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Masika haya ya juzi? Nilipokuwa naona?"

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Kwenye kikosi alikuwa na matusi ya kumfanya mtu aache kazi. Badala yake alitafuta fimbo kwa mguu, akaiokota.

"Ungeniomba nikae," akasema. "Ningekaa na wewe mwezi, hata miwili, kisha ningekwenda. Ungeniomba tu."

Nilimfuata mpaka kwenye lango la uwanja. Akasema nisimfuate, nikasimama.

Mpwa wake alikuja kutoka Tana ya chini na jamaa wawili. Habari hizo nilizipata kwa mama anayeuza chai karibu na daraja. Waliishusha mashua majini, wakamkalisha mbele juu ya tanga alilolishona, wakaondoka baada ya alfajiri. Haikuvuja. Nilifika ukingoni watu wameshatawanyika, na palikuwa na alama ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, kwenye matope.

Nimempigia simu mara nyingi. Siku moja alipokea dada yake. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza hali ya afya na ya watoto, akanishukuru kwa kuwatengenezea mashua. Inamvusha kwenda shambani kila siku. Nilimwuliza kama naweza kuzungumza na kaka yake. Nikasikia akimuuliza, kisha akarudi akasema amepumzika. Nimepiga tena baada ya hapo, na kila mara amepumzika.

Alikwenda kumwona dada yake akafika hamwoni, anajua uso wake kwa vidole tu. Mimi ndiye niliyezitumia siku za mwisho za macho yake, kwa ajili ya kampani ya alasiri chache. Nilisema bado ili nisimpoteze rafiki yangu, nami nimempoteza. Sasa nakunywa chai peke yangu, na kosa ni langu.