Kokoto Mbili kwa Kila Mwanamke

Juma lililopita nilikuwa mjini Dodoma, nimeketi barazani kwa fundi cherehani nikisubiri gauni langu lipindwe, nikamsikia akimsomea mwenzake gazeti. Wamarekani wanachagua rais tena. Mwenzake alikuwa anashona kifungo, hakuinua hata macho. "Tena?" akauliza. "Yule wa juzi amefanya nini?"

Nilicheka hadi fundi akadhani naicheka kazi yake. Lakini wewe, rafiki yangu, ungekuwa umekulia kijijini kwetu, kule upande wa Hombolo, siku zile Mjerumani alipokuwa bado anatawala, ungecheka pamoja nami. Swali lile nimelisikia zamani, kwa sauti za wanawake wenye vibuyu vichwani, kwenye korongo la mchanga lililokauka.

Korongo lile lilikuwa uhai wetu. Masika lilinguruma siku chache tu, kisha maji yakazama mchangani na kutuacha tukiyatafuta kwa mikono. Kila kiangazi wanawake walichimba kisima palepale, chini ya ukingo wenye kichuguu, na kadiri jua lilivyozidi kuwaka ndivyo shimo lilivyozidi kwenda chini, hadi mchotaji akawa haonekani, inasikika tu sauti ya kata ikikwangua mchanga. Nikifumba macho sasa hivi nausikia ukwanguo ule. Naisikia harufu ya mchanga mbichi pia, na ubaridi wake chini ya nyayo baada ya njia ya moto kutoka kwenye tembe letu. Kazi yangu ilikuwa kubeba kibuyu kidogo, kukaa kwenye foleni mahali pa mama, na kutomruhusu mbuzi yeyote aninywee.

Msimamizi wa zamu alikuwa bibi yangu. Sheria yake ilikuwa fupi: kwanza wenye watoto wachanga na wagonjwa, kisha wengine kwa jinsi walivyofika, mwisho ng'ombe, jua likishavuka kichuguu. Ng'ombe wakitangulia, kisima hugeuka tope, na maji hayajikusanyi tena hadi kesho yake. Hakuna aliyebishana na bibi. Lakini mwaka ule magoti yake yaligoma kushuka korongoni, na jumbe, yule aliyewekwa na Wajerumani kutukusanyia kodi na watu wa kazi, akatangaza kwamba msimamizi mpya atakuwa mke wake mdogo. Kila mtu alielewa. Jumbe alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote.

Nyumbani kwetu habari ile iliingia kama homa. Mdogo wangu alikuwa ana miezi mitatu, anaharisha, na mama alimchemshia maji ya alfajiri peke yake, yale yaliyokuwa meupe. Jioni ile mama alisonga ugali wa uwele, na mlenda ukaungua.

Siku hizo hizo ndipo Marekani ikaingia kijijini. Ilikuwa imeingia zamani, kwa kweli, maana nguo nyeupe tulizofunga kiunoni tuliziita marekani, lakini hatukuwa tumefikiri kwamba zinakotoka kuna watu. Mwalimu wa misheni alikuwa akipata gazeti la Kiswahili kwa gari moshi, likiwa limechelewa wiki nyingi, na Jumapili baada ya sala aliwasomea waliotaka kusikia. Jumapili ile alisoma kwamba Wamarekani wanajiandaa kuchagua rais, na kwamba watu watatu wanakitaka kiti. Mmoja ndiye aliyekuwa anakikalia, mmoja aliwahi kukikalia kabla yake, na wa tatu alikuwa mwalimu wa shule kubwa. Hapo mwalimu wetu alikohoa kidogo na kujinyoosha.

"Watatu kwa kiti kimoja?" akauliza mama mmoja. "Si watauana?"

"Hawauani. Wanatukanana."

"Siku ngapi?"

"Miezi mingi."

"Watu hao wana nafasi," akasema bibi. "Na huyo aliye kitini amekosa nini?"

"Hajakosa. Miaka yake minne imekwisha. Watu wanaandika jina kwenye karatasi, wanatia sandukuni, zinahesabiwa."

"Akishindwa wanamfanya nini?"

"Anarudi kwao."

"Na ng'ombe wake?"

"Anarudi nao."

Jambo hilo la kurudi na ng'ombe liliwagusa kuliko yote. Bibi akauliza kama wanawake nao wanatia karatasi. Mwalimu akajikuna shingo, akasema ni sehemu chache tu, kwingine bado.

"Ah," akasema bibi. "Basi bado wanajifunza."

Jumbe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, na fimbo yake. "Mwalimu," akasema, "na Kaizari? Naye anachaguliwa?"

"Hapana, jumbe. Kaizari amezaliwa Kaizari."

"Umejibu vizuri. Maneno mengine hayo yana viboko vya hamsa ishirini ndani yake." Mwalimu akalikunja gazeti mara nne.

Lakini bibi alikuwa amekwisha kusikia alichotaka. Siku tatu baadaye jumbe aliwapeleka wanaume kulima barabara ya boma, naye akaenda kuwasimamia. Asubuhi ile bibi aliomba abebwe hadi korongoni. Wajukuu wawili wakubwa walimbeba kwa ngozi ya ng'ombe, akiwagombeza njia nzima.

"Mbukwenyi," akawasalimu wanawake. "Jumbe amesema, nasi tumesikia. Amemtaja mkewe. Vizuri. Mimi namtaja jirani yetu. Mchague."

Jirani yetu alikuwa mke wa mchuuzi wa chumvi na tumbaku kutoka Kondoa. Alikuwa Mwislamu, mgeni wa miaka miwili tu, na ushungi wake haukumtoka kichwani hata akiwa shimoni. Kisima kilipoporomoka mwaka uliotangulia, yeye ndiye aliyeingia na kukichimbua upya, wakati sisi tukilia ukingoni. Sasa alitazama chini. "Bibi, mimi mtu wa kuja," akasema.

"Maji nayo ni ya kuja," akajibu bibi. "Nyamaza."

Ile ngozi ikatundikwa kichakani kama pazia. Nyuma yake vikawekwa vibuyu viwili, kimoja kimefungwa ushanga mwekundu kwa ajili ya jirani, kingine kitupu kwa ajili ya mke wa jumbe. Kila mwanamke angeingia peke yake na kutia kokoto moja. Wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wakiwa na nyuso za watu waliotoka kanisani. Mama aliingia na mtoto mgongoni. Mke wa jumbe naye aliingia. Alikuwa msichana tu, pengine hakunizidi hata miaka minane.

Bibi akamimina vibuyu mchangani akahesabu. Akahesabu tena. Wanawake walikuwa ishirini na sita. Kibuyu cha ushanga kilikuwa na kokoto ishirini na tano. Kile kingine kilikuwa na ishirini na nne.

"Nani anazaa kokoto humu?" akauliza bibi.

Wakatazamana. Mwishowe mama mmoja mnene, mcheshi siku zote, akasema taratibu, "Mimi nilitia huku na huku. Nitamtazamaje machoni kesho yule niliyemnyima?"

"Na mimi," akasema mwingine. "Na mimi." Likazunguka hivyo hadi mwisho, ila wale wawili walioshindana walikuwa wametiliana tu, na mama peke yake alitia moja, kwa jirani. Mtu asingeweza kunywa maji na mwenzake miaka yote kisha amnyime kokoto, na korongo lilikuwa limejaa kokoto.

"Mwalimu hakusema ni moja?" akauliza bibi.

"Alisema. Lakini yeye hateki maji nasi."

Bibi alicheka hadi akashika magoti yake. Nilidhani mambo yameharibika, maana nilimwona mama amefumba macho. Ndipo bibi akafuta machozi na kusema: "Haya. Mmewachagua wote wawili. Mke wa jumbe asubuhi, jirani jioni. Sheria ni ileile."

Mama alimtazama bibi kama aliyechomwa mwiba. Asubuhi ndiyo tuliyoihitaji, na asubuhi ilikuwa imetolewa kwa nyumba ya jumbe.

Kesho yake tulifika giza likitoka, na ng'ombe wa jumbe walikuwa tayari wanashuka, vumbi limewatangulia, jumbe mwenyewe, aliyerudi usiku, akiwa mbele. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kisima.

"Toka njiani," akasema jumbe.

"Bwana, ng'ombe wana zamu yao. Jua bado halijavuka kichuguu."

"Nani amekuweka hapo? Si mimi?"

"Wewe uliniweka juzi. Jana nimechaguliwa."

"Na nani?"

"Na wote hawa. Hata huyu niliyeshindana naye." Jirani alikuwa kando yake, jembe mkononi, ingawa haikuwa zamu yake. Nyuma yao wanawake wakasogea, si kwa haraka, wala hakuna aliyepaza sauti. Mke wa jumbe akanyoosha mkono akapokea kibuyu cha mama. "Mwenye mtoto mchanga kwanza," akasema, akainama kuchota.

Jumbe aliitazama fimbo yake. Akawatazama wanawake ishirini na sita, ambao ndio waliomsongea ugali kila alipokuwa na wageni. "Ng'ombe wamechoka," akawaambia wachungaji wake. "Wapumzike kwanza. Si nimesema tangu jana wapumzike?"

Mdogo wangu alipona. Mvua zikaja, korongo likanguruma, na mwalimu akaja amelowa, gazeti amelificha chini ya shati. Yule mwalimu wa Marekani alikuwa ameshinda. Wetu alitembea nyumba hadi nyumba akilitangaza kana kwamba ni mjomba wake. "Usianze kukitazama kiti changu," jumbe akamwambia, na kwa mara ya kwanza wakacheka wote wawili. Wanawake waliuliza jambo moja tu, kama yule aliyeshindwa kweli anarudi nyumbani, na walipoambiwa ndiyo, wakaguna kwa heshima.

Sasa bibi hayupo. Tembe letu limeanguka, korongo limehama njia, na pale kilipokuwa kisima pameota miiba. Njaa iliyofuata vita vya Mjerumani na Mwingereza iliwatawanya wale ishirini na sita, na sijui hata nusu yao walizikwa wapi. Mara nyingi nimejaribu kuwahuzunikia, lakini siwezi kwa muda mrefu, kwa sababu ya asubuhi moja katika mwaka ule wa vita.

Askari watatu wa Kijerumani walishuka korongoni wakirudi nyuma kutoka vitani, midomo imepasuka kwa kiu, bunduki mabegani. Foleni ilikuwa ndefu. Wangeweza kufanya lolote. Mke wa jumbe, aliyekuwa mtu mzima sasa, aliinua kichwa kutoka shimoni akawasomea sheria ya bibi kama mtu anayetaja siku za juma. Walitazamana. Kisha yule mkubwa wao akateremsha bunduki, akaegemea ukingo nyuma yangu, akasubiri. Tulisubiri pamoja kitambo kirefu, nikisikia pumzi zake zikikwaruza kooni, hadi nafasi ilipopatikana mbele, nami kwa kumwogopa nikabaki nimesimama.

"Sogea, binti," akaniambia. "Zamu yako."