Mrija wa Binti wa Koki

Mtaani walimwita Koki, kama ile ya bomba la maji, kwa sababu hapakuwa na jiko ambalo hakuwahi kuingia na spana yake. Alikuwa na mdomo huyo! Na siku daktari alipowaeleza yeye na mkewe kwamba maji yanajaa kichwani mwa binti yao mchanga, na kwamba itabidi awekewe mrija wa kuyashusha mpaka tumboni, maneno yalimjia Koki yote kwa mpigo.

"Daktari, mimi mabomba ndiyo yananiweka mjini. Plastiki naijua. Inakakamaa, inapasuka. Leo mwanangu aishi nayo mwilini?"

Daktari, mama wa makamo, hakuudhika. Alitoa mrija wa mfano kwenye droo, akamwekea kiganjani. Ulikuwa laini kama ndewe ya sikio.

"Hii ni silikoni, baba, namna ya mpira. Mwili huwa unakishambulia kitu kigeni, ila mrija huu hauuchokozi. Ulipimwa sana kabla ya kuwekewa watoto. Kuziba, sikufichi, unaweza kuziba. Akitapika na kusinzia ovyo, mlete mbio."

"Baba Nanii," mkewe akamnong'oneza, kwani mtoto hata jina walikuwa hawajakubaliana, "tumwekee."

Wakamwekea. Kichwa kikaacha kuvimba, mtoto akakaa, akatambaa, akachelewa kutembea lakini akatembea. Nyuma ya sikio mrija ulijichora chini ya ngozi, na Koki kila akimbeba aliupapasa kwa kidole.

"Mwache mtoto wa watu," mkewe alimcheka, "hilo si sinki."

Binti alipoingia chekechea, asubuhi moja mama yake alimpigia Koki simu kutoka nyumbani: mtoto ametapika, amelalia meza, haamki vizuri. Koki aliacha spana kwa mteja na kutoka mbio, suruali imelowa maji machafu mapajani.

Daktari yule yule ndiye aliyempasua. Mrija ulikuwa umeziba kwa juu; akabadilisha kipande hicho.

"Na mwili umeukataa?" Koki aliuliza.

"Wala. Hakuna usaha wala uvimbe. Mwili hauna neno nao."

Jioni binti akafumbua macho, akamtazama baba yake juu mpaka chini, akaliona doa la suruali.

"Baba, umejikojolea?"

Koki alicheka huku machozi yakimtoka.

Sasa binti yuko shule ya msingi. Hesabu zinampiga chenga, lakini kwa kuruka kamba hashikiki. Kliniki bado wanakwenda mrija ukaangaliwe, na wataendelea kwenda.