Jumapili Kuna Kula

Aloyo, mke wa koplo wa polisi pale Bugolobi, alikuwa mtu wa kuuliza. Mwaka wa sabini na nne akawa na swali moja: hivi kamati ya chama chetu cha kuzikana inafanya kazi gani?

Hakuuliza bure. Dada yake Lamunu alikuwa kitandani, mgonjwa, na kila jioni alirudia, "Nikifa, watanizika kama Ochan?" Jirani yao Ochan alizikwa mvuani, bila turubai, kwa majembe ya kuazima. Ufunguo wa stoo ya vifaa vya chama alikuwa nao mwenyekiti, Mzee Saverio, naye siku hiyo hakuonekana.

Aloyo akamfuata. "Mzee, kazi ya mwenyekiti ni nini?"

"Kukaa, binti yangu. Kiti ni cha nini?"

Akaenda kwa katibu, Masinde. "Mimi katibu? Nilidhani niliacha."

Basi, wachaguliwe wengine. Lakini wanachama, viongozi wakiwamo, hawakuja mkutanoni hata siku moja, na enzi zile mikutano yenyewe askari waliitazama vibaya. Akamwomba Nalweyiso, muuza samaki wa Ggaba, apitishe habari mlango kwa mlango: Jumapili kuna kura.

Sasa, kwenye ulimi wa Nalweyiso, r na l ni mapacha. "Jumapili kwa Aloyo kuna kula," akatangaza. Na kura ya nchi ilikuwa haijapigwa miaka mingi. Nani angelikumbuka neno hilo?

Wakaja wote. Saverio alitangulia na sahani yake, Masinde na kijiko. Aloyo alipoziona sahani akaelewa, akawasha jiko, Nalweyiso akamwaga kapu lake la samaki, ngege watupu.

Askari wa doria akachungulia uani. "Mkutano huu?"

"Kula, afande," Nalweyiso akajibu, wala hakusema uongo. Askari akapewa mkia wa samaki, akaenda zake.

Aloyo akasimama. "Wazee, kabla hatujapakua: nani anataka Mzee Saverio abaki na ufunguo? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono uliopanda. Hata wa Saverio mwenyewe. Yake yote miwili ilishika sahani. Wakamchagua Phelister, mpika chapati, ambaye mlango wake haufungwi.

Saverio akautoa ufunguo mfukoni polepole. "Na kula, binti?"

"Ipo, mzee. Zote mbili zipo."

Kabla ya kumkabidhi Phelister, Aloyo aliupeleka ufunguo ndani, Lamunu aushike. Lamunu akaugeuzageuza kiganjani.

"Sasa naweza kuumwa bila haraka," akasema. "Niletee samaki."