Gasketi ya Pampu ya Baba

Harufu ya petroli iliyokaukia kwenye karatasi ngumu hunirudisha Morotonga, kwenye bustani ya nyanya ya baba kando ya mto, mwaka ule mvua ilipogoma. Tumaini letu lote lilikuwa pampu moja nyekundu, yenye kelele za kugombana na kila mtu.

Pampu ilipoanza kuvuta hewa, baba alinunua gasketi mpya ya kabureta, ile karatasi ngumu ya kuzuia hewa kwenye kiungo, akaiweka juu ya mabaki ya ile ya zamani bila kuyakwangua. Kisha akakaza. Baba yangu, niwaambie ukweli, alikaza kila kitu kama anafunga fahali: nati ya kwanza hadi mwisho, mishipa ya shingo imemtoka, ndipo akaigusa ya pili. Sisi watoto tulimwonea fahari.

Tangu hapo pampu ilinguruma vizuri asubuhi, lakini jua likishapanda ilikohoa na kuzimika. Saa hizo ndizo alizofika baba mdogo Mwita, mdogo wake baba, kutusaidia kumwagilia, akishanywesha ng'ombe wake. Nyanya zilinyauka tukiziangalia.

"Mwita, mashine inazimika ukitokea wewe tu," baba alimwambia mbele yetu. "Una nini na mimi?"

"Kaka, mimi nakuja kukusaidia."

"Usikanyage hapa tena."

Hakuna aliyemtetea, hata bibi. Ikasemwa ana mkono mbaya, watu wakaacha kuitikia salamu zake. Alihamia ng'ambo ya mpaka wa Sirari, akafia huko, na baba hakwenda kuzika. Nilimpenda sana baba mdogo, lakini nilikuwa mtoto, nikaamini nilichosikia.

Mwaka huu niliitoa pampu stoo. Ndani nilikuta gasketi mbili zimegandana na mdomo wa kabureta umepinda upande uliokazwa kwanza. Chuma kikipata moto, hewa ilipita hapo. Basi. Upenyo mwembamba kama ukucha ndio uliomfukuza ndugu yetu. Nilikwangua, nikasawazisha kwa msasa, nikaweka gasketi moja, nikakaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule.

Ilinguruma pale uani asubuhi, ikapita mchana, jua likaanza kushuka. Baba, mzee sasa, alisikiliza akiwa kwenye kigoda chake.

"Ghati, binti yangu, ilikuwa na nini?"

Nikamweleza. Akageukia ukuta wa nyumba.

"Izime, mama."

Nikaizima. Kimya kilichofuata hakikuwa na mtu wa kuombwa msamaha.