Marehemu Aliyetukimbia Wazee Wenzake

Mwenzangu wa drafti hapa Mafiga amefariki, na Jumamosi tumemzika kwao mlimani. Wasomaji wangu mnanijua, sipambi maneno: amekufa kwa mafua yaliyomshukia kifuani, na mafua hayo aliyapakata mwenyewe.

Alilima kabichi Uluguru hadi magoti yakakataa mteremko, akahamia mjini na mkewe, kwa binti yao. Hamu yake ilikuwa moja tu, kumwona mjukuu wake akipokea komunyo ya kwanza. Kwa hiyo kikohozi kilipoingia mtaani akapiga hesabu yake: wanaozikwa ni wazee, basi ugonjwa unatoka kwa wazee. Akatufukuza barazani. "Kaeni mbali, vikongwe nyie, mnanuka kaburi!" Lakini drafti hakuiacha. Alikata mwanzi mrefu, akawa anasukuma vizibo vyake kutoka mlangoni, mimi nimeketi uani juani. Akitaka kula kete yangu moja, anazoa tano na ubao unapinduka.

"Umeiba," nikamwambia.

"Mwanzi hauna macho. Panga upya, na usivipumulie vizibo vyangu."

Mara mjukuu akarudi kutoka shule, makamasi yamefika mdomoni. Akapita chini ya mwanzi, akapanda mapajani kwa babu yake. "Shikamoo mume wangu, umenibakizia?" Wakala dagaa sahani moja, wakanywa kikombe kimoja. Babu akamfuta pua kwa kiganja, akaendelea kumega ugali.

"Na huyo je?" nikauliza.

Akanitazama kama nimemtukana malaika. "Huyu mtoto! Ataumwaje ugonjwa wa wazee, na hata hajazeeka?"

Mimi niliishia darasa la nne, na nyumba nimejenga kwa tofali nilizofyatua mwenyewe, lakini hilo nililiona. Watoto wanabanana dawati moja, wanapokezana muwa mmoja, kisha kila mmoja anaupeleka mzigo kwao, kwa yule anayempenda zaidi. Mtoto alipiga chafya siku mbili, akarudi kuruka kamba. Babu alilala, hakuinuka. Komunyo ni mwezi ujao.

Kaburini watani wake walituzuia njia. "Wazee rudini, marehemu hataki kuambukizwa!" Hata mjane alicheka huku analia. Jeneza tulilibeba sisi tuliofukuzwa, bega kwa bega, na hakuna aliyekohoa.

Baada ya mazishi yule mjukuu wake akaja kutuamkia, ameinamisha kichwa apate baraka. Wazee wazima wakaruka nyuma kama wameona nyoka, mmoja akaacha kiatu. Mtoto akabaki kainama, machozi yanamdondoka. Nikaagiza maji na sabuni, akanawa, nami nikanawa, nikamwekea mkono kichwani.

Ugonjwa hauangalii nani ana mvi, unapita pale watu wanapokaribiana, na hakuna wanaokaribiana kama babu na mjukuu. Mtoto akiwa na mafua, mpeni sahani yake, mnawisheni, asilale na babu mpaka apone. Lakini msimwache amesimama peke yake akidhani ameua.